Mzee Aje Alale Kwanza

Woodstock, Ontario
3 Machi 2025

Mzee Moez,

Habari za huko Toronto? Sisi huku tuko salama. Theluji bado imejaa uwanjani, na lori lako limesimama palepale ulipoliacha tarehe kumi na nane. Fundi mkuu ameniambia nikuandikie kwa sababu simu yako inaita tu bila kupokewa. Na wewe mwenyewe ulisema simu ni ya watu wa mizigo, mambo ya maana yaandikwe kwenye karatasi. Haya, nimeandika. Usije ukasema Mkisii hajui kalamu.

Chumba kimesimama, mzee. Kiko kwenye stendi karibu na mlango mkubwa wa karakana, urefu mita tatu na robo, kitanda cha watu wawili, jiko, sinki, kabati la nguo, na dirisha la Mama Hina upande wa abiria kama ulivyolichora. Sasa limebaki lori lenyewe. Tutang'oa kile kitanda chembamba lililokuja nacho kutoka kiwandani, tukate ukuta wa nyuma wa kabini, turefushe chesi ya chuma chini yake na kusogeza ekseli ya magurudumu nyuma, ndipo chumba kikae mahali pake. Siku ya kukata ni Jumatatu, tarehe 7 Aprili. Tukishakata hakuna kurudi, hilo unalijua.

Na sheria yetu unaikumbuka: kabla hatujakata, mwenye kitanda aje alale. Tunatia alama kichwa kinapofika na mguu unaposhukia, ndipo tunajua mlango wa kupitia kwenda kwenye usukani ukatwe wapi. Njoo Jumamosi yoyote. Lakini kwanza nijibu haya. Unalala upande wa ukutani au wa nje? Ukiamka, mkono gani unatafuta taa? Na lile goti linakubali kupanda kimo gani? Michoro sita nimeiweka humu, utie sahihi kila karatasi.

Wasalimie nyumbani. Mwambie Mama Hina jiko lake ni zuri kuliko langu.

Kwamboka
fundi mbao, yule unayemtania kwa ndizi za Kisii


Kipling Avenue, Rexdale
Toronto, 9 Machi 2025

Dada Shafina,

Ya Ali Madad. Naandika kwa mkono, Hina atapiga picha kurasa akutumie kwa simu kama kawaida yetu. Kiswahili anakisikia, kukisoma hawezi, kwa hiyo hapa nasema ninavyotaka.

Umeniuliza ninakula. Ninakula. Ninalala? Najilaza. Waumini wa jamatkhana wamekuja baada ya ibada kila siku mpaka juzi, friji imejaa biriani za watu. Alnasir amekuja mara mbili kuulizia lori la kaka yake. Amepata dereva, kijana wa Scarborough anaitwa Riyaz, anayelitaka kama lilivyo, na hilo neno la kama lilivyo Alnasir amelirudia mara nne. Akasema, "Shemeji, lile likikatwa halitakuwa na mtu wa kulinunua, na wewe huendeshi." Ni kweli, siendeshi. Nikampa chai.

Sasa sikiliza kitu nilichofanya. Kuna barua imekuja ya Moez kutoka kwa binti anayetengeneza kile chumba. Ni Mkenya, anaitwa Kwamboka, Moez alikuwa akirudi kutoka huko anacheka peke yake kwenye lifti kwa maneno ya huyo binti. Hajui. Hakuna aliyemwambia. Kila mtu anayemjua Moez ameambiwa na mtu mwingine, mimi sijamwambia hata mmoja. Hata wewe uliambiwa na Alnasir.

Nikakaa mezani kumjibu. Nilitaka kuandika mstari mmoja, kwamba Moez alifariki tarehe ishirini na moja Februari, siku tatu baada ya kuacha lori. Badala yake nikaandika kwamba analala upande wa ukutani. Kwa sababu aliuliza, Shafina. Watu wote hapa wanasema alikuwa, alikuwa. Huyu ameuliza unalala upande gani.

Barua iko mezani, haijafungwa. Karibu na lile bakuli la machungwa.

Tasleem


Toronto, 10 Machi 2025

Bi Kwamboka,

Salaam. Mzee amepokea barua yako. Mkono unamsumbua kidogo, kwa hiyo mimi ndiye ninayeshika kalamu.

Analala upande wa ukutani, na uso ukutani. Akiamka hutafuta taa kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia unakuwa chini ya mto. Goti linakubali kimo cha kiti cha jikoni, si zaidi, na akipanda hutanguliza mguu mzima na kusema "haya twende" hata kama hakuna mtu. Akivua soksi huzikunja moja ndani ya nyingine, kwa hiyo kama kuna nafasi ya kidroo kidogo upande wa miguuni, weka. Chai anakunywa kwenye glasi yenye kijiko ndani ili isipasuke. Sijui kama hilo linakuhusu.

Anasema Mkisii akijua kalamu basi ndizi zimepata wakili.

Karatasi za sahihi zitafuata.

Tasleem (Mama Hina)


Woodstock, 18 Machi 2025

Mzee Moez na Mama Hina,

Hiyo ya wakili wa ndizi nimewasomea mafundi wote, nikawatafsiria. Hawakucheka. Wazungu hawa wanahitaji maelezo marefu.

Asante, Mama Hina, kwa majibu. Kwa kawaida madereva wananijibu "popote tu", halafu baada ya mwezi wanarudi wakilalamika kwamba swichi iko mbali. Kidroo cha soksi nimekitengeneza jana. Nimeweka pia tundu la glasi kwenye rafu ya kitandani, na tundu la kijiko kando yake.

Lakini mzee, unanisumbua. Jumamosi mbili zimepita na hujaonekana. Au umekuwa mvivu? Mtu wa kwenda Winnipeg na kurudi bila kupumzika, leo anashindwa kuja Woodstock kulala dakika kumi! Hiyo ndiyo kazi pekee duniani ambapo unaambiwa njoo ulale, na wewe unaikimbia. Fundi mkuu anataka niweke jina langu kwenye fomu kwamba nimethibitisha vipimo na dereva mwenyewe. Nimemwambia atakuja, namfahamu. Usiniangushe.

Mama Hina, utakaa wapi mkiwa barabarani, mbele naye au nyuma jikoni? Mzee alisema miaka ishirini na minne amekuacha dirishani, sasa anataka dirisha liende naye. Nikamwambia hayo maneno ayaandike kwenye mchoro. Akaona haya.

Kwamboka


Upanga, Dar es Salaam
22 Machi 2025

Tasleem mdogo wangu,

Navroz Mubarak, ingawa najua sikukuu mwaka huu haina ladha. Nimekusomea dua.

Sasa nikwambie, na usinikasirikie. Nilipoisoma barua yako kwanza nilicheka, kisha nikaweka simu chini nikatembea nyumba nzima. Wewe unamwandikia mtu maneno ya mumeo aliyekufa? Unamtungia hata majibu? Mimi nilidhani ni mara moja, siku ya huzuni, basi. Sasa Hina ananiambia kuna barua nyingine imekuja na mama anaisoma kila siku akitoka kuoga.

Sikulaumu kwa huzuni. Nakulaumu kwa huyo binti. Ana kazi yake katika nchi ya watu, na unajua wewe jinsi tulivyoipata kazi ya kwanza pale Rexdale kabla sijarudi Dar, tukifunga maboksi usiku na mchana na kuogopa hata kwenda msalani. Akikata lori la maiti kwa neno lako, nani atasimama mbele ya bosi wake? Wewe?

Mwambie. Mstari mmoja. Kama huwezi, nitamwandikia mimi, na unajua mwandiko wangu ulivyo mbaya, atadhani nimemtukana.

Halafu, Alnasir si adui. Anamlilia kaka yake kwa njia ya lori. Wanaume wa nyumba ile hawajui njia nyingine.

Dada yako,
Shafina


Toronto, 25 Machi 2025

Bi Kwamboka,

Mzee hataweza kuja. Anasema vipimo ni vilevile nilivyokuandikia, uviamini. Karatasi sita zimo humu, zote zina sahihi.

Mimi nitakaa mbele. Nyuma nitakwenda kupika tu.

Mkate lori.

Tasleem


Woodstock, 31 Machi 2025

Mama Hina,

Safari hii nakuandikia wewe.

Leo asubuhi tumeng'oa kitanda cha zamani. Ile fomu nilikuwa nimeshaiwekea jina Ijumaa, kwa sababu karatasi zako zilikuwa zimefika na fundi mkuu alikuwa amesimama juu ya kichwa changu. Nimeandika kwamba dereva amethibitisha.

Kisha nikatoa godoro. Mama, mimi kazi yangu ni vitanda. Godoro haliwezi kunificha mtu. Umeniandikia mzee analala ukutani. Godoro hili limebonyea upande wa nje, ukingoni kabisa, mpaka sponji imekatika. Upande wa ukutani ni mpya kama siku lilipotoka dukani. Mtu amelala ukingoni miaka yote hiyo, kwenye kitanda ambacho hata upana hakina, na ukutani hakugusa.

Mzee mwenyewe asingekosea hilo. Kwa hiyo nikazitazama tena zile sahihi. Zote sita zinafanana. Mzee alipotia sahihi ya oda hapa mbele yangu, alishika kalamu kama spana na karatasi ikatoboka.

Sijamwambia mtu. Kama mzee ni mgonjwa, sema, tutasogeza siku, si aibu. Kama mmekosana naye na hajui kwamba unajibu, hilo nalo sema. Lakini Jumatatu ijayo grenda ya kukatia chuma inawashwa saa nne asubuhi, na jina lililo kwenye fomu ni langu. Nina mtoto Scarborough kwa dada yangu, ninamwona Jumapili tu kwa ajili ya kazi hii.

Nijibu kabla ya Jumatatu.

Kwamboka


Toronto, 3 Aprili 2025

Kwamboka,

Msikate.

Hina anaipeleka bahasha hii leo kwa watu wa vifurushi, wamesema itafika Jumatatu mapema. Nilishika simu mara tatu kukupigia. Namba naibonyeza, ikianza kuita nakata.

Mume wangu hayupo. Alifariki tarehe 21 Februari, siku ya Ijumaa, asubuhi. Alikuwa mezani anamenya chungwa. Akaniomba chumvi na pilipili, sisi tunakula hivyo. Nikageuka kabatini. Chumvi ilikuwa nyuma ya unga, nikachelewa kidogo. Nilipogeuka alikuwa ameweka kichwa mezani kama mtu aliyechoka na safari. Nikamwambia, "Moez, chumvi hii hapa." Nikaiweka karibu na mkono wake. Sijui nilisimama muda gani.

Barua zote nimeandika mimi. Sahihi ni zangu, nilizifanyia mazoezi nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Ule utani wa ndizi ni wangu. Hata kama angeweza kuusema, ni wangu.

Sikufanya hivyo ili kupata chumba. Sina pa kukipeleka. Mliendelea kumtengenezea mahali, na kila wiki mkauliza jambo moja zaidi juu yake, na mimi nilikuwa na jibu. Niliona kwamba mkikata, lori litakuwa lake kabisa na hakuna mtu mwingine atakayelitaka. Hilo ndilo nililotaka, kama nilitaka kitu. Dada yangu alinionya kuhusu kazi yako nami nikasoma onyo lake, kisha nikaandika "mkate". Hilo sina namna ya kulieleza. Sikuhisi kitu. Ilikuwa kama kumwandikia mtu bei ya vitunguu.

Kuhusu godoro sikujua. Nyumbani ni ukutani, miaka thelathini na moja. Kwenye lori sijawahi kulala hata siku moja, nilikujibu kana kwamba nimelala. Nimelifikiria tangu jana.

Lori litakwenda kwa Riyaz kama lilivyo. Mwonyeshe fundi mkuu barua hii, umtafsirie yote.

Tasleem Moez


Woodstock, 8 Aprili 2025

Mama Hina,

Pole. Naanza na pole kwa sababu mama yangu alinilea hivyo.

Barua ilifika saa tatu na nusu. Jumatatu hiyo nilikuwa nimeshamwambia fundi mkuu kwamba mimi sishiki mashine mpaka mzee aje alale, hata kama jina langu liko kwenye fomu. Alikasirika mpaka shingo ikawa nyekundu. Bahasha ikaletwa tukiwa bado tunabishana. Nikaisoma nikiwa nimesimama. Lori halijakatwa. Kitanda cha zamani tunakirudisha. Mimi nimetolewa kwenye vyumba, napiga msasa milango kwa wiki mbili kwa sababu ya kuthibitisha kitu nisichokiona. Ni haki yao.

Sasa nikwambie ya moyoni. Nimekukasirikia. Nilimwita mvivu, mama. Nilimwambia mtu aliye kaburini njoo ulale, unakimbia nini. Niliandika kwa mkono wangu na nikacheka nikiandika. Wewe ulisoma ukajua, ukaniacha niendelee. Mzee yule alikuwa mtu pekee hapa aliyeniita kwa jina langu lote bila kulivunja. Mnapomzika mnanialika, au angalau mnaniambia nikae chini. Mimi nilikuwa natoboa tundu la kijiko.

Barua nimeitafsiri sehemu ya lori tu. Nimesema oda imefutwa na familia. Sehemu ya msiba sikuitafsiri. Hapa kuna watu sita waliokuwa wakimwachia mzee kiti chao karibu na hita akija, na hakuna anayejua. Wanadhani amebadili mawazo, na mmoja amemsema vibaya. Kwetu habari ya kifo hailetwi na karatasi kama kuna miguu inayoweza kutembea. Mwenye msiba anakuja, anasimama, anasema. Wewe huumwi miguu.

Kuna fomu ya kufuta oda, inataka mtu mwenyewe. Njoo Ijumaa, wote watakuwepo.

Kwamboka Nyaboke


Toronto, 12 Aprili 2025

Dada Shafina,

Lori halikukatwa. Riyaz atalichukua wiki ijayo, Alnasir atakwenda naye. Chumba watakifungia lori la mtu mwingine, watabadilisha kitanda kwa vipimo vyake. Hayo ndiyo uliyotaka kujua, nimeyaweka mwanzo.

Jana nilikwenda. Hina aliendesha. Njiani aliniambia kwa Kiingereza chake kwamba si lazima, fomu zinaweza kutumwa kwa kompyuta. Nikamwambia, "Endesha tu, mwanangu." Akasema kwa Kiswahili, "Sawa, mama." Sijui mara ya mwisho alinijibu kwa Kiswahili lini.

Karakana ni kubwa kuliko nilivyofikiria na kelele zake zinaingia mpaka kwenye meno. Kwamboka ni mfupi, Shafina. Kwenye barua nilimwona mrefu. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Nikampa mkono, akautazama, kisha akaufuta wake kwenye suruali na kuupokea. Hakunikumbatia.

Akauliza, "Umekula?"

Nikasema ndiyo.

"Mwongo. Mzee alisema ukisema ndiyo haraka hivyo, hujala."

Akanipa ndizi. Nikaila palepale, nimesimama, Hina ananitazama kama mgeni.

Akanionyesha chumba. Kipo juu ya stendi, kina ngazi ndogo. Nikapanda. Kinanuka gundi na rangi. Sikulala, usifikirie hivyo. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikafungua kidroo cha soksi, nikakifunga. Kilifungwa kimya, kazi nzuri. Nilingoja kitu kinijie, kilio au chochote, kama watu wanavyosema kitakuja. Hakikuja. Nikaona kuna dirisha na nje ya dirisha kuna pipa la taka. Nikashuka.

Fundi mkuu akaleta fomu, nikaijaza. Jina langu, sahihi yangu, ya kweli. Palipoandikwa sababu nikapaacha wazi. Akasema si kitu, nipaache hivyo. Alikuwa na haraka ya kwenda kunywa chai.

Kwamboka akasimama kati yake na mlango. Alinitazama tu. Na mimi nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, "Sijawahi kulisema."

Akasema, "Najua. Ndiyo maana nimekuita."

Akapiga makofi mara mbili. Mashine zikazimwa moja moja mpaka nikasikia hita ikipuliza. Wanaume sita, Shafina, wakubwa, mikono imejaa grisi, wamesimama wakinitazama na hakuna anayejua nimekuja kusema nini. Hina akashika mkono wa koti langu kwa nyuma kama alipokuwa mdogo kwenye kituo cha basi.

Nikasema kwa Kiingereza, "Mimi ni mke wa Moez. Moez amekufa."

Kumbe ni maneno mafupi. Fundi mkuu akavua kofia. Mmoja akakaa kwenye tairi. Mwingine, mzee kidogo mwenye ndevu nyeupe, aliyekuwa mbali karibu na lori, alikuwa bado amevaa yale makopo ya kuzuia kelele masikioni. Aliona wenzake wamebadilika nyuso. Akayavua taratibu, akaniuliza kwa adabu, samahani, mama, umesema nini?

Ikabidi niseme tena.

Tasleem